Kuipeleka Nairobi Filamu ya Mama Atim

Mmeniuliza wote, kwa zamu, tena wengine mara mbili: "Fundi Salimu, ile safari ya Nairobi ilikuwaje?" Nikawajibu kwamba treni ilichelewa, kwamba chai ya Kenya bado ina sukari, na kwamba maabara yao ya picha ni ovyo kabisa. Mkacheka, tukaendelea na mengine. La treni ni kweli. La sukari ni kweli. La maabara ni uongo, na nimeubeba mpaka umenishinda.

Basi leo nimefunga studio mchana kweupe. Wateja wa picha za pasipoti wanagonga, nami nimekaa ndani kimya kama mwizi, naandika. Someni wenyewe, msimsomee mtu njiani, maana hali ya nchi mnaijua. Na mkikutana nami msianze kunipa pole, tafadhali. Pole si yangu.

Kampala: tuioshe wapi?

Mama Atim wengine hamumjui. Ni mke wa sajini wa polisi, Mwacholi, na mnajua Waacholi wanavyowindwa siku hizi, wakikaa katika nyumba za polisi pale Nsambya. Mumewe, Okot, alikuwa rafiki yangu. Mtu mrefu, mcheshi. Akitoka zamu anakuja studio na kujimwaga kwenye kiti cha wateja kana kwamba amekinunua yeye. Siku moja alikwenda kazini asirudi. Siku ya tatu wakaja watu na gari, wakapekua nyumba, wakazoa karatasi zote: vyeti, barua, albamu, hata picha ya harusi iliyokuwa ukutani. Picha ile niliipiga mimi, na negativu yake, ile filamu ya kuchapia, ililowa zamani paa langu lilipovuja. Kwa hiyo haikubaki sura ya Okot popote. Ameacha watoto watatu, na mdogo bado ananyonya.

Kilibaki kitu kimoja tu. Daktari Mzungu wa hospitali, jirani yao, aliwahi kuwachukua Jumapili moja kwenda Luzira, kule ziwani, akawapiga picha wote watano. Baadaye akapewa siku mbili aondoke nchini. Akamwachia Mama Atim ile filamu ndani ya kikopo chake, akamwambia, "Mmo humu, itafutie mahali pa kuosha." Ilikuwa filamu ya rangi, ya slaidi, zile picha ndogo wanazoziangaza ukutani kwa mashine.

Akaniletea mimi. Angempelekea nani mwingine? Fundi si mimi?

Sasa hapa nianze kuungama. Kazi yangu ni nyeusi na nyeupe. Rangi nilikuwa naijua kwa kuiona kwenye madirisha ya maduka, na slaidi nilikuwa naijua kwa jina. Lakini mama wa watu ameketi mbele yangu na kikopo mkononi, niseme sijui? Nikakunja uso, nikakigeuzageuza kile kikopo, nikasema, "Hmm. Hii ni kazi."

Tangu Wahindi wafukuzwe, Kampala ilikuwa haina mahali pa kuaminika pa kuosha rangi. Kulikuwa na jamaa mmoja aliyegawiwa duka la picha la Mhindi pamoja na dawa zake zote, chupa zimejaa vumbi, naye anazichanganya kwa kunusa. Kulikuwa na posta, filamu iende Ulaya, lakini bahasha zilikuwa zinafunguliwa na watu wasiohusika. Na kulikuwa na Nairobi. Mimi nikampigia debe yule wa kunusa. Nikasema yuko karibu, nitamsimamia mwenyewe, kwa nini tuhangaike? Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa safari. Njia ile ina askari kila mahali, na mimi nikiona bunduki akili inaniruka.

Mama Atim alinisikiliza mpaka mwisho. "Fundi, wewe umeona kazi ya huyo mutu?"

"Nimeiona."

"Ilitoka namna gani?"

"Ilitoka... kijani kidogo."

"Okot hakuwa kijani," akasema. Kisha akasema Nairobi, na hakubadilika. "Peleka wewe mwenyewe. Usitume mutu. Hawa watoto hawana kitu ingine ya baba yao."

Kichwa kikanivimba. Nikamwambia, "Mama Atim, hii filamu sasa ni roho yangu. Mtu atakayeitoa mkononi mwangu atanikuta maiti." Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa sauti ya kujigamba, watoto wake wamesimama pale wananitazama.

Kampala hadi mto

Treni ya alasiri iliondoka kesho yake asubuhi. Hilo halina haja ya maelezo, mnaishi nchi hii hii.

Behewani nilikaa mkabala na mama mmoja wa Tororo, Mama Nafula, mwuza samaki wakavu, mnene, kicheko chake kinasikika behewa la pili. Kikapu chake kilikuwa kimetunukisha wote lakini hakuna aliyelalamika, kwa sababu kwenye kitambaa kingine alikuwa na mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, na chumvi ndani ya karatasi. Chumvi, jamani! Ilikuwa miezi miwili sijaiona ya kutosha kuchovya. Alinipa yai kabla hajaniuliza jina.

"Kula, bwana. Kula, ssebo. Uso wako una njaa ya tangu jana."

Msitu wa Namanve, wanakotupa maiti, tuliupita kimya, kama kila mtu anavyoupita. Baada ya Mukono midomo ikafunguka tena, na wa kwangu ukafunguka kuliko yote. Mimi hofu ikinipungua huwa napayuka, mnanijua. Nikamwambia kwamba mimi ni fundi wa picha, studio yangu iko karibu na soko la Owino, nakwenda Nairobi kwa kazi maalumu ya rangi ambayo Kampala nzima hakuna anayeiweza. Kama vile mimi naiweza! Nikatoa kikopo mfukoni, nikafungua kifuniko, nikamwonyesha. Ulimi wa filamu ulikuwa umechomoza nje ya kibweta chake, kile kinachoizuia isione mwanga ikafutika, upana wa vidole viwili hivi.

"Humo ndani kuna watu?" akauliza.

"Kuna baba wa watoto watatu."

"Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

Nikageuka nikatazama tulikotoka. Mama Nafula akaacha kutafuna. "Rudisha mfukoni," akasema kwa sauti ya chini. "Rudisha, Fundi. Si kitu cha kuonyesha watu." Nikarudisha, lakini behewa zima lilikwisha kunisikia.

Njiani tulisimama saa nzima kwenye kituo kidogo bila sababu yoyote. Wauza gonja, zile ndizi za kuchoma, wakaja madirishani na sinia zao, nikanunua mbili za moto, nikamega moja nikampa Mama Nafula. Nilijiona mtu wa maana sana siku ile.

Kabla ya daraja

Daraja la Jinja mnalijua. Pale hata kutoa kamera kwenye mfuko ni kesi. Treni ilisimama upande huu wa mto, saa sita, jua la utosini, na askari wakapanda. Nilisikia buti zao tangu behewa la nyuma.

Kwetu akaingia mmoja, kijana mrefu, bunduki begani. Aliangalia vitambulisho akavirudisha. Alikiinamia kikapu cha Mama Nafula, akakunja pua, watu wawili watatu wakacheka na yeye mwenyewe akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Hilo naliona sasa. Wakati ule nilikuwa sioni uso, naona bunduki tu.

Akaelekea mlangoni, akasimama, akazungumza na abiria mmoja, akarudi. Akaninyooshea kidole.

"Wewe. Wanasema wewe mutu ya picha."

"Ndiyo, afande." Sauti haikuwa yangu.

"Iko na filimu?"

Basi. Hakusema neno lingine. Hakusema leta, hakusema fungua, hakushika bunduki yake. Lakini mimi kichwani nilikwisha kuwa ndani ya chumba bila dirisha. Niliwaona wakiiosha ile filamu, wakimkuta Okot anacheka ufukweni, wakiniuliza, "Huyu unamjuaje?" Nikachomoa kikopo, nikatoa kibweta, nikaushika ule ulimi nikavuta.

"Haina kitu, afande! Tazama! Tupu! Tazama mwenyewe!"

Nikavuta tena, kwa pupa, mkono baada ya mkono, filamu inamiminika mapajani mwangu, inajikunja, inang'aa kwenye jua la dirishani. Sikuwa nimeamriwa. Nataka mlishike hilo, maana mimi mwenyewe nimejaribu sana kulisahau.

Aliyenizuia ni yule askari. Alinikamata mkono kwa nguvu. "Wee! Nafanya nini? Nani amesema fungua?"

Askari akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa kikopo kama changu. Akaketi ubavuni pangu kwenye benchi, bunduki katikati ya magoti, akanionyesha. Ilikuwa filamu ya harusi yake, ya rangi, walipigwa kwao Arua. Amezunguka Kampala nzima hajapata pa kuosha. Alipopita behewa letu alisikia kuna fundi anakwenda Nairobi.

"Mi nataka uliza tu," akasema. "Wapi wanaosha muzuri. Pengine wewe unapeleka na yangu." Akaitazama ile filamu iliyolala mapajani mwangu, halafu akanitazama mimi, na usoni mwake mlikuwa na mshangao kama wa mtu aliyemwona mwenzake anakula udongo. "Lakini wewe unaharibu. Mutu ya picha, unaharibu picha! Hapana. Mi sikupi."

Akarudisha kikopo chake mfukoni, akafunga kifungo, akakipapasa kuhakikisha, akashuka. Askari mwenye bunduki aliogopa kuniachia mimi filamu yake.

Jinja hadi Tororo

Tulivuka mto nikiwa nimeinama, naizungusha ile filamu irudi ndani. Kilichokuwa bado hakijavutwa labda kilikuwa robo. Nilijua hivyo kwa uzito wa mkono. Watu wakageukia madirishani, kila mtu akapata kitu cha kutazama nje. Nilitamani wangenitukana.

Mama Nafula hakucheka tena. Mpaka tumepita Jinja na kuacha miwa nyuma yetu ndipo aliposema, "Banange, jamani, Fundi."

"Niliogopa, mama."

"Sote tuliogopa. Mimi mkojo ulinibana. Lakini wewe hukumngoja hata aseme anataka nini."

Nikamwambia labda si yote iliyoharibika. Nikamwambia labda mwanga haukupenya sana, labda watu wa Nairobi wana dawa ya kuokoa. Nilikuwa nasema mambo nisiyoyajua, kama kawaida yangu. Yeye alikuwa anamenya yai taratibu, na alipomaliza akaniwekea mkononi. Sikuweza kulila. Nilitaka kulia mbele ya watu wazima, nikajizuia kwa kuuma shavu.

Treni ilipopunguza mwendo Tororo akajifunga kitambaa chake, akanyanyua kikapu, akanisogelea. "Huyo mama. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Apa."

"Wallahi nitamwambia."

Akanitazama kidogo, akashuka. Nilimwona jukwaani akipokewa na ndugu zake, wanacheka, yeye hacheki.

Nilifikiria kushuka pale pale nigeuze. Lakini kurudi Nsambya siku ile kulinitisha kuliko kwenda mbele, kwa hiyo nikabaki nimekaa. Msidhani niliendelea kwa ushujaa.

Tororo hadi Nairobi

Pale Malaba, mpakani, walituchelewesha tena, hapa wanahesabu watu, pale wanahesabu mizigo, lakini baada ya hapo hakuna aliyeniuliza habari za filamu. Hilo liliniumiza kwa namna yake. Upande wa Kenya ningeweza kuivaa shingoni kama shada la maua na hakuna ambaye angejali.

Eldoret nilishuka kunywa chai. Mhudumu akaweka bakuli la sukari mezani, limejaa, na kijiko ndani, akaondoka zake. Akaondoka! Nikalikodolea macho. Jirani yangu wa mezani, Mkenya mwenye kofia, akaniuliza, "Kwani hutumii sukari?" Nikatia vijiko vitano. Nikanywa vikombe vitatu mfululizo na mandazi manne, na kila nikimeza nawaona watoto wa Okot wanaokunywa uji mtupu. Nikaendelea kumeza hivyo hivyo. Yule Mkenya akanicheka, akasema Waganda tunapenda sukari kama nyuki. Nikacheka naye.

Kutoka Nakuru mpaka Nairobi sikulala wala sikuzungumza. Nilikuwa natunga. Kwanza nilitunga namna ya kumweleza Mama Atim ukweli kwa upole. Kila nikifika pale kwenye "nikavuta", maneno yananikataa. Halafu, bila kukusudia, nikaanza kutunga ukweli mwingine, wenye dawa mbaya na mafundi wazembe, na ule ukaja wenyewe, laini kabisa.

Nairobi

Nilifikia kwa binamu yangu Pumwani, ambaye aliniuliza habari za Kampala nikampa zile zinazosemeka. Asubuhi nikaenda kwenye maabara ya picha niliyoelekezwa. Mlango ulifunguliwa na mzee mmoja, Mhindi wa Goa, miwani imefungwa kwa uzi, mikono imechorwa madoa ya dawa kama yangu. Aliposikia ninatoka Kampala akavua miwani.

"Kampala? Mimi nimefanya kazi Kampala miaka ishirini, bwana. Slaidi zote za madaktari, za walimu wa chuo, mimi ndiyo naosha. Nani iko dukani kwangu sasa?"

Nilihisi ni yule anayechanganya kwa kunusa. Nikasema simjui. Mzee akatikisa kichwa, akaipokea filamu, akaushika ule ulimi kwa ncha za vidole. Ulikuwa umekunjika.

"Hii imepata mwanga?"

"Hapana," nikasema.

Kesho yake jioni nikarudi. Akaniwekea utepe wote juu ya kioo chenye taa chini yake. Sehemu kubwa ya filamu ilikuwa nyeupe, angavu, unaona kioo upande wa pili, hakuna hata alama. Mwishoni tu ndipo palipokuwa na rangi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Sisi wa nyeusi na nyeupe tunajua kitu kimoja: filamu iliyoungua kwa mwanga hutoka nyeusi tii. Iliyo angavu ni ile ambayo haikupigwa kitu. Kwa hiyo nilipoona ule weupe nikafikiri, kumbe ilikuwa tupu! Kumbe daktari hakupiga, au kamera yake haikufungua jicho! Okot hakuwamo tangu mwanzo, na mimi sikuharibu kitu! Moyo ukaruka. Nilifurahi, jamaa zangu. Nilisimama pale Nairobi nikafurahi kwa sauti kwamba watoto watatu hawana picha ya baba yao.

"Alhamdulillahi!" nikasema. "Haikupigwa!"

Mzee akanitazama. "Haikupigwa nini?"

"Hii. Ni tupu. Iko angavu."

"Wewe iko fundi kweli?" Hakuuliza kwa dharau, aliuliza kwa huruma, na hiyo ni mbaya zaidi. "Hii slaidi, bwana. Hakuna negativu. Filamu yenyewe ndiyo picha. Kama haikupigwa inatoka nyeusi. Hii iko nyeupe sababu jua imeingia, mingi, moja kwa moja." Akapitisha kidole juu ya ule weupe, bila kuugusa. "Hapa yote ilikuwa picha. Mtu amevuta nje."

Sikumwambia ni nani. Nadhani alijua.

Palibaki picha kumi na mbili. Kumi na moja ni za kaloli, wale ndege wakubwa wenye vipara, wamesimama juu ya paa la hospitali. Daktari aliimalizia filamu yake kwa ndege. Ya kumi na mbili, iliyokuwa mpakani mwa ule weupe, robo tatu imeliwa na mwanga, na pembeni umebaki mchanga na mguu wa mtoto wenye kiatu chekundu. Mzee akazikata moja moja, akazitia kwenye vifremu vya karatasi, akazipanga ndani ya kisanduku. Kazi safi kabisa. Manyoya ya wale ndege unaweza kuyahesabu.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikwenda vizuri, na hilo nalo niliona kama naadhibiwa. Treni iliondoka kwa wakati. Darajani tulipita bila kusimama. Nilikuwa nimenunua kilo mbili za sukari kwa ajili ya Mama Atim, nikazificha ndani ya nguo, hakuna aliyezitafuta. Tororo nilijificha nyuma ya gazeti, ingawa hapakuwa na sababu yoyote ya Mama Nafula kuwa jukwaani siku ile.

Nsambya

Alinikaribisha kwa heshima ya mgeni anayetoka mbali. Alikuwa amepika viazi vitamu na odii, ile siagi ya simsim, yaani ufuta, na karanga ya kwao, sijui alipata wapi simsim. Watoto wamevaa nguo za kanisani. Walikuwa wamevalishwa kumpokea baba yao, nieleze vipi vingine?

Nikampa kisanduku. Akaichukua slaidi ya kwanza akaielekeza dirishani, akafumba jicho moja kama nilivyomwonyesha. Kaloli. Ya pili, kaloli. Alizitazama zote kumi na moja polepole, na kila moja aliitazama mpaka pembeni, akimtafuta mumewe nyuma ya ndege. Alipofika kwenye ile ya mwisho akapiga kelele ndogo. "Mguu ya Atim! Hii kiatu Okot alinunua!" Akampa Atim aone, kisha yule wa pili. Kisha akanigeukia. "Na zingine?"

Nikasema. Uongo ulitoka laini kama nilivyoutunga. Maabara ya Nairobi walichanganya dawa vibaya, nilipiga kelele, nikataka kuwapeleka polisi, lakini ndiyo ilikwisha kuharibika.

Mama Atim akakaa chini. Hakulia. Akakusanya slaidi akazirudisha ndani ya kisanduku kwa mpangilio wake.

"Basi kosa ni yangu," akasema. "Wewe ulisema tuoshe hapa. Mimi nikakataa. Mimi nilichagua Nairobi." Akamvuta yule mdogo akamweka mapajani. "Mimi mwenyewe nimepoteza baba yao mara ya pili. Unisamehe, Fundi. Nimekusumbua bure na safari."

Akaninawisha mikono, akanisogezea sahani. Nikala. Nilikula viazi vyote alivyoniwekea, na alipouliza kama niongezwe nikakubali, kwa sababu mdomo ukiwa na chakula hauwezi kusema.

Jumapili tatu zimepita tangu siku hiyo. Jumapili ya kwanza nilikwenda kumwambia, nikafika mpaka kona ya kanisa la Nsambya nikageuza. Ya pili nilijiambia naumwa. Jana, Jumapili ya tatu, nilikwenda kweli, nimeamua, hata udhu nilitia. Kwenye kamba ya kuanikia ya nyumba yake kulikuwa na nguo za watu wengine. Mwanamke nisiyemjua akaniambia mama aliyekuwamo amehamishwa Alhamisi, nyumba inatakiwa na askari mpya. Amepanda lori na watoto na godoro moja, wamekwenda kwao, upande wa Gulu. Kijiji hakukijua. Nikauliza kama ameacha neno. Akasema hapana, ila alikuwa anamweleza kila jirani habari ya picha, jinsi alivyochagua vibaya.

Wawili wenu mnafika Gulu kila wiki na magari yenu. Nawaomba mmwulizie sokoni, mmwulizie kanisani, mke wa Okot wa polisi, mama wa Atim. Mkimpata mwambieni alichagua vizuri. Nairobi wanajua kazi. Mwambieni filamu niliivuta mimi, kwa mikono yangu, mchana, wala hakuna aliyeniamuru. Akitaka kuja kunitukana nauli nitatoa mimi.

Na mpeni na hili, maana hapo juu nimeliruka, nikajifanya mdomo ulikuwa na chakula. Aliponiomba msamaha, nilimjibu. Nilimwambia, "Usijali, Mama Atim. Nimekusamehe."